Dakika Kumi na Tano za Kumsubiri Lindsay

Alhamisi kabla ya Pasaka, Clarrie Hibberd alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja namba moja, akivuta uzi wa kuchorea mistari ya chokaa, aliposikia viatu vya Bi. Trewin vikija mbio juu ya nyasi. Kukimbia kwenye nyasi za Clarrie na viatu vya kisigino kulikuwa kosa ambalo hata mwenyekiti wa klabu hakusamehewa. Clarrie aliinua kichwa amgombeze, lakini alipomwona uso akaacha.

"Clarrie, nimefanya jambo," alisema Bi. Trewin, katibu wa klabu ya tenisi ya Tolwarra kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. "Jambo baya. Hata sijui nikuambieje."

"Umeunguza skonzi za kamati?"

"Nimemwandika Lindsay."

Clarrie akauachia uzi. Lindsay alikuwa mwanawe wa kwanza. Mwezi wa saba wa mwaka jana, wakati wa mafuriko, alivuka mto Murray kwa mashua kwenda kuokoa kondoo wa jirani waliozingirwa na maji, akiwa na umri wa miaka ishirini na nne. Mashua haikuonekana tena, na yeye hakuonekana tena. Kondoo wote walipona wenyewe.

Sasa, watu wa Tolwarra wana mtindo wao, na usiwacheke. Kwao mwanamume hajazi fomu ya kuingia mashindano ya mmoja mmoja. Jina lake likishaingia kwenye orodha linanakiliwa Pasaka hadi Pasaka, mpaka siku atakayokwenda mwenyewe mezani kwa katibu na kusema, "Nifute." Watu wameoa humo, wameota vitambi, wameng'oka nywele, na bado wananakiliwa. Bi. Trewin alikuwa amenakili orodha ya mwaka jana mkono ukienda wenyewe, na Jumatano usiku kamati ikapiga kura ya nani akutane na nani. Karatasi ya Lindsay ikachomolewa kwenye kofia, ikasomwa kwa sauti, na wazee wanne wenye masikio mazima hawakushtuka hata kidogo, kwa sababu jina hilo lilisomwa pale miaka saba mfululizo. Walikuja kushtuka asubuhi, ratiba ilipokwisha kubandikwa ubaoni.

"Basi mfute," alisema Clarrie.

"Siwezi. Anayefuta ni mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake. Nisainie hapa, Clarrie, yaishe."

Clarrie alijifuta chokaa mikononi, akaishika kalamu. Hakuchukua muda mrefu kufikiri, maana kazi yenyewe ilikuwa ya kuandika jina lake tu. Lakini mkewe, Una, alikuwa ameshaingia getini na chupa yake ya chai, na Una alikuwa na macho makali.

"Nani anamfuta nani?" aliuliza.

Aliichukua karatasi, akaisoma kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Kidole kikafika, kikasimama. Basi uso wa mama yule, ambao tangu mwezi wa saba ulikuwa kama mlango uliofungwa, ukafunguka. Akatabasamu.

"Ameandikwa," alisema.

"Una, mpenzi, ni makosa tu ya—"

"Makosa gani? Wewe umemsikia Lindsay akisema anajitoa? Mimi sijamsikia."

Clarrie akamrudishia Bi. Trewin kalamu yake. Baadaye alijidanganya kwamba alifanya hivyo kwa huruma. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikuwa mwanamume wa kubeba magunia na kusukuma rola la chuma, lakini mbele ya machozi ya mkewe alikuwa mwoga wa kutupwa.

Kamati nayo ilikutana upesi, ikafanya kile zinachofanya kamati za watu wema, yaani haikufanya kitu. Sheria ilikuwepo: mchezaji asipofika, mpinzani wake anasimama uwanjani dakika kumi na tano, kisha mwamuzi anampa ushindi wa mezani. "Saa itatusemea," alisema mwenyekiti, Bwana Alcott, mwenye kondoo wengi na maneno machache. Wote wakaona hiyo ni hekima.

*

Jumamosi asubuhi Una alikuwa wa kwanza kufika. Alikaa kwenye benchi la uwanja namba moja, nguo nyeupe za Lindsay zimepigwa pasi na kukunjwa mapajani, taulo begani, chupa ya maji miguuni. Alikuwa amepaka poda. Watu walimwamkia kwa sauti ya kanisani.

Mpinzani wa kwanza alikuwa Norm Oakes, mkamua ng'ombe, mtu mpole. Alifika mpaka getini na raketi yake, akamwona Una na zile nguo, akasimama. Akakuna shingo. Kisha akaenda moja kwa moja mezani kwa Bi. Trewin.

"Nifute," alisema. "Mgongo umenikamata."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Nani angemlaumu? Lakini sheria ni sheria: Norm alipojitoa kabla dakika hazijaanza kuhesabiwa, Lindsay Hibberd akawa ameshinda raundi ya kwanza. Bi. Trewin aliandika hivyo ubaoni, na Una akapiga makofi.

Huko uwanja namba nne, mwanawe wa pili, Des, mwenye miaka ishirini na mmoja, alikuwa akicheza mechi ya kweli na mtu wa kweli, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Aliyemtazama ni baba yake peke yake, naye alimtazama akiwa amesimama nyuma ya banda la rola, kwa sababu wakati wa mashindano mtunza nyasi hakai kwenye viti vya klabu. Hata chai yake ilipitishiwa dirishani. Clarrie alikuwa ameizoea hali hiyo miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuiona ni dharau mpaka siku ile, alipotaka mwanawe ageuke na kuona kuna mtu wake ameketi pale.

Mchana ikawa zamu ya Harvey Kitto, muuza nyama, domo kaya lisiloogopa kitu. "Mimi nitasimama," alitangaza. "Dakika kumi na tano ni nini? Nimewahi kumsubiri mke wangu saa mbili avae kofia." Akaingia. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Dakika za mwanzo Kitto alisimama mkono kiunoni. Halafu, ili asionekane bwege, akachukua mipira mitatu akajaribu sevisi, yaani mpigo wa kuanzia, kwa upande ule mtupu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulipiga wavu wa nyuma ukaanguka.

Dakika ya kumi na moja alitoka, na raundi ya pili nayo ikawa ya Lindsay. Hakukimbia, ila alitembea kama mtu anayejizuia kukimbia.

"Nilipiga mipira mitatu kule," alimwambia Bi. Trewin. Midomo ilikuwa imempauka. "Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka yote mitatu ilikuwa kwangu. Hii hapa. Shika."

"Upepo," alisema mtu mmoja. Bendera ya klabu ilikuwa imening'inia kama soksi.

"Basi uwanja umeinama," alisema mwingine.

"Uwanja wangu haujainama hata unene wa ukucha!" Clarrie alifoka kutoka dirishani, chai mkononi. Kisha akasikia alichokisema, akaiweka chai chini.

*

Jumapili hakukuwa na mechi, lakini nyasi hazijui Jumapili. Clarrie alikwenda alfajiri kukokota kamba ndefu juu ya viwanja, kama afanyavyo kila siku, ili kuangusha umande usiozeshe majani. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni mpaka usawa wa wavu. Kwenye uwanja namba moja, upande wa mtoni, nyuma ya mstari, alikuta nyasi zimechubuliwa.

Alichutama. Mtunza nyasi anajua miguu ya watu kama mwalimu anavyojua hati za wanafunzi. Yupo anayezungusha kisigino, yupo anayeruka na kutua kwa miguu miwili. Lindsay alikuwa akipiga sevisi huku akiburuta kidole gumba cha mguu wa kulia, na akiacha mfereji mfupi uliopinda kuelekea ndani. Walikuwa wamegombana mara mia juu ya mfereji huo. Clarrie aliutazama, akaupima kwa vidole viwili. Ulikuwa mbichi, na udongo wake ulikuwa tope.

Halafu akili ikamjia: Una. Lazima ni Una, kavaa viatu vya mtoto, kaja kujichosha hapa kwenye giza, maskini. Wazo hilo lilimliza, lakini pia lilimpa nafuu. Akarudi nyumbani haraka, nyumba ndogo ya klabu nyuma ya mikaratusi, akaenda moja kwa moja kwenye kibaraza. Viatu vya Una vilikuwa vikavu. Viatu vya Lindsay vilikuwa vikavu pia, na buibui alikuwa ametanda utando toka kimoja hadi kingine.

"Unatafuta nini, Baba?" Des alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha mkate.

"Buti zangu."

"Si umezivaa?"

Clarrie akatazama miguu yake. Des hakucheka. Alitafuna taratibu, akameza, kisha akauliza jambo lililokuwa likimkaa rohoni.

"Nikishinda kesho asubuhi, na yeye naye... wakimpitisha tena. Fainali nitacheza na nani?"

"Kamati itajua la kufanya."

"Kamati, kamati. Nakuuliza wewe."

Clarrie alisema anakwenda kutafuta udongo wa kuzibia shimo. Alikwenda kweli, akauziba ule mfereji, akashindilia kwa kiganja. Hakumwambia mtu.

*

Jumatatu ya Pasaka, nusu fainali. Mpinzani wa Lindsay safari hii alikuwa mgeni, Bwana Sutter, muuza vipuri vya pampu za upepo aliyelala hoteli ya ng'ambo ya daraja na hakuzoeana na mtu. Hakuna aliyemweleza chochote. Kila mmoja alidhani mwenzake amemweleza, au ndivyo walivyosema baadaye.

Mwamuzi alikuwa kwenye dakika ya kumi na mbili pale Sutter alipotoka uwanjani, akaja mezani ameudhika.

"Mchezaji wenu ana adabu gani? Nimemwona anapanda kutoka mtoni na raketi yake, amelowa chapachapa. Nikamwambia, bwana, nenda kabadilishe nguo, nitakusubiri, sina haraka. Hajanijibu. Kasimama tu pale kwenye mstari, maji yanamchuruzika."

Bi. Trewin alimuuliza huyo mtu anafananaje.

"Mrefu. Nywele nyekundu. Jino la mbele limemeguka."

Wote pale mezani waligeuka kumtazama Una. Alikuwa benchini kwake, ametulia, akikamua taulo. Maji yalidondoka kwenye nyasi katikati ya viatu vyake. Taulo hilo Clarrie mwenyewe alilitoa kabatini asubuhi, kavu, akamkabidhi.

Mtu mmoja akamnong'oneza Sutter sikioni. Yule mgeni alichukua begi lake, akaingia garini bila kubadilisha viatu vya kuchezea, na vumbi lake lilionekana mpaka darajani. Lindsay Hibberd akawa ameingia fainali.

Saa nzima baadaye, kwenye uwanja namba nne, Des alishinda nusu fainali yake kwa seti tatu, goti limechubuka, kiganja kimetoka lengelenge. Alitazama kando ya uwanja kuona nani yupo. Palikuwa na baba yake nyuma ya banda, na mbwa wa mtu.

*

Chakula cha mchana kilikuwa nyama baridi ya kondoo na viazi. Una alipakua sahani nne. Ya nne aliiweka mahali pa Lindsay, akaifunika kwa sahani nyingine ili isiingie nzi. Hakuwa amefanya hivyo tangu mwezi wa nane, na Clarrie aliona vibaya kupita kiasi, lakini alikata nyama yake akala.

"Des," Una alisema kwa upole kabisa, "umechoka mwanangu. Goti lako hilo."

"Goti zima, Mama."

"Nilikuwa nasema... ungemwachia kaka yako."

Kisu cha Des kikagonga sahani.

"Ukasema tu 'nifute', kama Norm. Wewe bado una miaka mingi mbele. Yeye ukimsimamia zile dakika zikaisha, watasema hayupo, watamtoa kwenye orodha. Watamfuta, Des. Na wewe ndiye utakuwa umemfuta."

"Mama, nimecheza mechi tatu." Sauti ya Des ilikuwa chini. "Tatu. Umeona hata moja?"

"Nilikuwa na kaka yako."

"Kaka yangu hayupo! Mimi nipo. Nimekaa hapa mezani kwako miezi tisa, sijawahi hata kuulizwa nimelalaje. Nikimwachia leo, Mama, naondoka na treni ya jioni, na sahani yangu usiifunike."

"Clarrie, mwambie mtoto asinipigie kelele."

Basi wote wawili wakamtazama Clarrie. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Alijua wazi: akimwambia Des abaki uwanjani, mkewe ataona kamzamisha Lindsay mara ya pili, na huenda akamfuata mtoto huko huko mtoni. Akimwambia ajitoe, basi atakuwa amepoteza wana wawili. Alifungua mdomo. Akasema, "Mechi ni saa tisa. Tusichelewe."

Des aliinuka akaenda kuchukua raketi yake, na begi kubwa la nguo pia.

*

Mji mzima ulikuwa umekuja. Viti vya klabu vilijaa. Ndege waliokuwa wakipiga kelele kwenye mikaratusi tangu asubuhi walinyamaza, na harufu ya tope la mto ikapanda mpaka kwenye meza ya keki.

Des aliingia, akaweka begi chini, akasimama kwenye mstari wake akitazama upande mtupu. Saa ikafika tisa kamili. Kiti cha mwamuzi, kile kirefu chenye ngazi, kilikuwa kitupu.

"Bwana Alcott," Bi. Trewin alinong'ona. "Ni wewe leo."

"Sauti imenikauka," alisema Alcott. Kweli ilikuwa imekauka. "Harvey?"

"Mimi huko siingii tena," alisema Kitto. "Niiteni mnavyotaka."

Na bila mwamuzi hakuna wa kuhesabu, na bila wa kuhesabu kijana angesimama pale mpaka giza liingie. Clarrie alimwona Des akilitazama begi lake. Kijana akageuka, akapiga hatua moja kuelekea mezani kwa katibu, mdomo umeshaanza kufunguka, na Clarrie alijua neno litakalotoka.

"Rudi kwenye mstari, Des," alisema Clarrie.

Alitoka nyuma ya banda na buti zake za kazi, akakatiza mbele ya viti vya wakubwa, akapanda ngazi. Miaka ishirini na sita alikipaka rangi kiti kile na hakuwahi kukikalia. Hakuna aliyemzuia. Akatoa saa yake mfukoni.

"Dakika kumi na tano," alisema. "Kuanzia sasa."

Dakika zilikwenda polepole mno. Ya tano, Una alisema kutoka benchini, si kwa sauti kubwa, "Msiwe na haraka, anafunga kamba." Ya nane, watu wawili waliondoka. Kutoka juu pale Clarrie aliziona nyasi zake jinsi asivyowahi kuziona akiwa amepiga magoti. Ya kumi na moja akaona kule upande wa mtoni, nyuma ya mstari, majani yakilala chini mahali pawili, kwa upana wa nyayo mbili. Hakukuwa na kitu juu yake, na hayakuinuka. Alitamani kupiga kelele ya furaha, na alitamani kukimbia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitazama saa yake.

"Clarrie," Una alilia. "Clarrie, yupo. Usiseme."

Ya kumi na nne. Ya kumi na tano.

"Muda umekwisha," alisema Clarrie. Machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni. "Lindsay Hibberd hakufika. Hatafika. Mwanangu alikufa maji mwezi wa saba, na kila mtu hapa anajua, na mimi ndiye niliyepaswa kusema tangu Alhamisi." Akavuta pumzi. "Mchezo, na ubingwa, ni wa Desmond Hibberd."

Hakuna aliyepiga makofi. Des alisimama akitazama chini, kisha, bila kufikiri, akafanya kile ambacho kila mtu aliyekulia kwenye tenisi hukifanya mechi ikiisha. Alikwenda kwenye wavu akanyoosha mkono.

Alikuwa ameshaunyoosha ndipo akagundua ujinga wake. Watu walimwona akiona haya, akitaka kuurudisha. Haukurudi. Vidole vyake vikafumba taratibu juu ya kitu kisichokuwepo, na mkono ukashuka na kupanda, mara moja, mara ya pili, jinsi mkono unavyotikiswa na mtu mwenye nguvu kuliko wewe. Kisha ukaachiwa. Des alikigeuza kiganja akakitazama. Maji yalitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Una alikuwa amesimama. Nguo nyeupe zilikuwa zimemdondoka miguuni.

"Amempa mkono?" alimuuliza mumewe kule juu.

"Amempa."

"Lindsay hampi mtu mkono kama hajakubali. Hakuwahi, hata alipokuwa mdogo. Basi amekubali."

Majani upande wa mtoni yalikuwa yakiinuka, moja moja. Una hakuyatazama. Alikuwa akimwangalia yule kijana aliyebaki kwenye wavu, goti limechubuka, shati limemganda mgongoni, akilia mdomo wazi kama mtoto mdogo mbele ya mji mzima. Alimwangalia muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kichwani, akikunja uso kama mtu aliyerejea kutoka safari ya mbali.

"Clarrie," alisema, "mbona Des amekonda hivi?"